Kinachobaki Bango Likishushwa



Yapo malalamiko ambayo huyakosi ukikaa na mfanyabiashara wa Kariakoo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Ameleta mzigo mpya, tuseme majagi ya umeme. Amepiga picha nzuri, amelipia tangazo Instagram, amemkatia kitu kidogo kijana mwenye wafuasi wengi ili aseme maneno mawili. Wiki mbili za kwanza simu hazikauki. Wiki ya tatu duka la jirani lina jagi lilelile, la kiwanda kilekile cha China, limepungua bei kwa shilingi elfu mbili, na picha inayolitangaza ni ileile, hata kivuli hakijafutwa. Ukifika mwezi wa pili mtaa mzima unauza majagi. Yule wa kwanza, aliyewafundisha watu kwamba kitu hicho kipo, ndiye anayeumia kuliko wote, maana yeye peke yake ana pesa ya tangazo ya kurudisha.

Swali lake huwa: nitangazeje zaidi? Mimi naona swali hilo limekosea mlango. Tangazo lake lilifanya kazi vizuri sana, kiasi kwamba lilimfanyia kazi hata jirani. Kilichokosekana ni kinga, kwa maana ya kitu kinachofanya shilingi iliyotolewa kwa ajili ya soko irudi kwa aliyeitoa. Tangazo lenyewe halina uwezo huo. Picha inaigwa, maneno yanaigwa, bei inashushwa usiku mmoja. Kinga hukaa chini ya tangazo, katika jambo ambalo mshindani mwenye pesa nyingi kuliko wewe hawezi kulinunua kabla ya mwezi kuisha. Na tangazo lenye akili ni lile ambalo kila likipita linaliongeza jambo hilo kidogo.

Nitatumia muda mwingi kwenye mfano mmoja, nao ni M-Pesa. Najua umechakaa kwa kusimuliwa. Ila husimuliwa upande mmoja, upande wa Kenya, na husimuliwa kama hadithi ya wazo zuri lililopata kaulimbiu nzuri. Mawazo mazuri yalikuwa mengi wakati ule. Tuangalie kilichokuwa chini.

Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ikisaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo, ilianza majaribio nchini Kenya kwa kushirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa dogo na la kiofisi: wakopaji wapokee mikopo na walipe marejesho kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo, waliandika baadaye kwamba wateja wa majaribio walianza kutumia huduma kwa mambo ambayo hawakuambiwa, likiwemo la kutumiana pesa wao kwa wao. Mradi ukageuzwa ufuate walikoelekea watu. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa nchi nzima na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Ujumbe huo ulikuwa mzuri, sitaunyima haki yake. Kijana yuko Nairobi, mama yake yuko Kakamega, na hadi siku hiyo pesa ilipanda basi ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta au binamu. Lakini ujumbe huo hauna hakimiliki. Kampuni yoyote ya simu ingeweza kuutamka kesho yake. Sasa angalieni kile ambacho isingeweza kukifanya kesho yake.

Kwanza, bei zenyewe zilipangwa ziwe kazi ya masoko. Kuweka pesa kulikuwa bure. Kumtumia mtu aliyejisajili kuligharimu shilingi 30 za Kenya. Ukimtumia mtu ambaye hajajisajili ulilipa zaidi, kuanzia shilingi 75, lakini mpokeaji huyo alitoa pesa yake bila kukatwa. Tazameni kilichofanyika hapo. Anayetuma anaumia mfukoni kila mara mama anapobaki bila kujisajili, na mama mwenyewe amekwishaonja huduma bure kabisa. Kijana atampigia simu: mama, nenda kajisajili. Hakuna bango wala redio yenye nguvu ya mtoto anayemwambia mama yake jambo kwa simu, na Safaricom haikumlipa mtoto huyo hata senti. Kila mteja aliyeingia alifanya huduma iwe na thamani zaidi kwa waliotangulia, kwa sababu waliongezewa mtu mmoja wa kumtumia.

Pili, mawakala. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye uchumi wote wa jambo hili, na ndipo wanafunzi wangu hupita mbio. Wakala ana mifuko miwili: noti kwenye droo na floti, yaani salio, kwenye simu. Mteja akiweka, noti zinaongezeka na floti inapungua. Mteja akitoa, kinyume chake. Mjini watu huweka kuliko wanavyotoa, kwa hiyo ikifika saa tisa wakala wa mjini droo yake imefura noti, floti imekauka, na mteja anayekuja kuweka anaambiwa nenda pale mbele. Kijijini ni kinyume: floti inajaa, droo imebaki na sarafu, na bibi aliyetembea kilomita sita kuja kutoa elfu mbili anaambiwa arudi kesho. Bibi huyo akirudishwa mara mbili, hakuna tangazo litakalomleta mara ya tatu. Kwa hiyo mtandao wa mawakala hauishii kwenye idadi ya vibanda vilivyopakwa rangi. Ni utaratibu mzima wa kusafirisha noti na floti kila siku: mawakala wakuu, matawi ya benki, watu wa pikipiki, wakaguzi wa kupita kuangalia kama daftari la miamala linajazwa na kama bei zimebandikwa ukutani. Safaricom iliajiri kampuni ya nje ya kuwafundisha na kuwakagua. Ilimlipa wakala kamisheni hata mteja anapoweka, ingawa mteja mwenyewe hakukatwa kitu. Kufikia mwanzoni mwa 2010 ilikuwa na wateja wapatao milioni 9 na mawakala zaidi ya 16,000.

Februari 2009 Zain, kampuni nyingine ya simu nchini Kenya, wakaleta huduma yao ya Zap. Bei ya kutuma ilikuwa nafuu kuliko ya M-Pesa. Kitaalamu ilikuwa huduma nzuri, na waliitangaza kwa nguvu. Haikufika mbali. Wakala tayari alikuwa na mkataba wa kutohudumia mwingine. Mteja naye alijiuliza swali la kijinga la mtaani, ambalo ndilo swali la maana: nikituma kwa Zap, nani atapokea?

Naomba niongeze jambo ambalo watu wa rangi na nembo hawapendi kulisikia. Mshindani huyo mkuu wa Safaricom alianza kazi mwaka 2000 kwa jina la Kencell. Mwaka 2004 akawa Celtel. Mwaka 2008 akawa Zain. Mwaka 2010 akawa Airtel. Majina manne ndani ya miaka kumi, na kila jina lilikuja na mabango yake, nyimbo zake, fulana zake na rangi yake mpya ukutani. Wamiliki walikuwa wakibadilika, kwa hiyo sisemi walifanya kwa kupenda. Nasema tu kwamba pesa ile yote ya matangazo ilikuwa ikianza upya kila mara, wakati mwenzao anajenga juu ya kilichokwishasimama.

Agosti 2010 Zain walishusha bei ya kupiga simu kwenda mitandao yote hadi shilingi 3 kwa dakika. Vita vya bei vikaanza, wote wakashusha, na waliofurahi ni wapigaji simu. Aprili 2011 mamlaka ya mawasiliano ikaruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwa hesabu za darasani, hapo Safaricom ilipaswa kumwagika kama gunia lililochanika. Waliohama walikuwa wachache. Mtu alikuwa radhi kununua laini ya pili ya kupigia kwa bei rahisi, lakini laini yenye M-Pesa hakuitoa kwenye simu. Wakati huo namba yake ilikuwa imekwishakuwa kama akaunti: ada za shule zilipita hapo, michango ya harusi na misiba ilipita hapo, na wadeni wake walikuwa nayo.

Sasa tuvuke mpaka wa Namanga, turudi Tanzania.

Vodacom Tanzania ilizindua M-Pesa Aprili 2008, mwaka mmoja tu baadaye. Jina ni lilelile. Teknolojia ni ileile, na nyuma yake yuko Vodafone yuleyule. Baada ya miezi kumi na minne Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7; Tanzania, baada ya miezi kumi na minne yake, ilikuwa na wapatao 280,000. Mawakala hawakufika elfu moja, katika nchi yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 900,000.

Ukimpa mtu wa matangazo takwimu hizo bila kumwambia kingine, atakwambia kampeni ya Tanzania ilikuwa dhaifu. Mimi nasema ardhi ilikuwa tofauti. Safaricom ilipoanza M-Pesa ilikuwa na sehemu kubwa sana ya soko la simu Kenya. Vodacom ilikuwa ya kwanza kwetu lakini chini ya nusu ya soko, ikifuatwa kwa karibu na wenzake. Kenya karibu kila mtu mzima alikuwa na kitambulisho cha taifa, usajili ukawa wa dakika chache. Sisi vitambulisho vya taifa vilianza kutolewa 2013. Kabla ya hapo mtu alisajiliwa kwa kadi ya mpiga kura, barua ya mtendaji, chochote kilichopatikana. Na wakala wa Tanzania hakufungwa kwa kampuni moja. Nendeni Mbagala au Mwanjelwa mkaangalie meza ya wakala: mwavuli wa kampuni moja, kiti cha nyingine, na simu nne tano ndogo za vitufe zimepangwa mbele yake, nyingine zimefungwa kwa raba ili betri isitoke, kila moja na laini yake. Unamwambia jina la mtandao, anachukua simu yake bila hata kuangalia. Mtu huyo hawezi kuwa kinga ya kampuni yoyote. Ni kama mlango wa sokoni, wanaingia wote.

Matokeo yake mnayajua. Vodacom ilikua na kuwa kubwa, lakini haikumeza soko. Tigo Pesa ilikuja 2010, Airtel Money nayo ikapata sehemu yake, na baadaye HaloPesa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja kutoka mtandao hadi mtandao, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo, na Vodacom ikajiunga 2016. Angalieni nani alitangulia na nani alisubiri. Wadogo ndio waliopenda ukuta ubomolewe. Mkubwa huwa na subira.

Kama raia, naipenda hali ya Tanzania kuliko ya Kenya. Nachagua, nalinganisha makato, natuma popote. Kama mwalimu wa masoko, nakiri kwamba ningekuwa nimeajiriwa Safaricom mwaka 2007 ningefanya walichofanya. Mambo haya mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na ni vizuri mwanafunzi wa fani hii ajue kwamba kinachoitwa kinga na mwenye biashara mara nyingi huitwa kizuizi na mteja, na mwisho wa yote serikali husikiliza malalamiko ya mteja.

Ndivyo ilivyotokea. Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika kwenye mamlaka ya ushindani ya Kenya, Safaricom ilifungua mawakala wake wahudumie na wengine. Aprili 2018 wateja wa Safaricom na Airtel wakaanza kutumiana pesa moja kwa moja. Kuta mbili zilizotajwa kwenye vitabu vyote zilishuka, na bado Safaricom iliendelea kushika sehemu kubwa mno ya huduma hiyo nchini Kenya kwa miaka iliyofuata. Kwa nini?

Kwa sababu walikwishahama ukuta. Novemba 2012, karibu miaka miwili kabla ya mawakala kufunguliwa, walianzisha M-Shwari pamoja na benki ya CBA: unaweka akiba, unakopa kwa simu, na kiwango chako cha mkopo kinapanda kadiri unavyorejesha vizuri. Mwaka 2013 wakaja na malipo ya dukani, ya Lipa na M-Pesa. Januari 2019 wakaja na Fuliza, inayokukopesha pale salio linapokupungukia katikati ya muamala. Mawakala wakawa wa wote, lakini historia ya mteja ikabaki. Mtu aliyejenga kiwango cha mkopo kwa miaka mitatu, akarejesha kwa wakati hata alipobanwa, anajua akihamia kwingine anaanza na kiwango cha mgeni. Hakuna mkataba uliomfunga. Amefungwa na uaminifu wake mwenyewe aliokwishauonyesha, na ambao hauhamishiki.

Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika mfano huu, kubwa kuliko mawakala. Kila kinga ina umri. Anayeilinda ileile ya zamani kwa mawakili atachelewa. Anayejenga ya pili wakati ya kwanza ingali imara ndiye anayelala usingizi.

Mifano mingine nitaipita haraka zaidi.

Wenzangu wa umri wangu wanalikumbuka kreti. Soda ilikuja katika chupa ya kioo, chupa ishirini na nne kwa kreti, na mwenye duka alilipia chupa na kreti kabla hajauza tone. Ukitaka kuondoka na soda, uliulizwa: chupa umekuja nayo? Usipokuwa nayo, unywee hapohapo umesimama. Kampuni ilimpa mwenye duka friji lenye rangi yake, kwa sharti kwamba lisitiwe vinywaji vya wengine. Mshindani mpya aliyetaka kuingia alihitaji zaidi ya soda tamu. Alihitaji mamilioni ya chupa za kuzungusha, magari ya kuzirudisha, mitambo ya kuziosha, na pesa ya mwenye duka iliyolala kwenye makreti ya mtu mwingine. Matangazo ya soda ya miaka ile, yale ya vijana wanaruka ufukweni, yalikaa juu ya ukuta huo wa vioo.

Kilichouvunja ni chupa ya plastiki. Haihitaji kreti, hairudishwi, haina amana, na mteja anaondoka nayo kwenye daladala. Azam Cola na MO Cola waliingia kwa mlango huo, kwa bei ambayo kijana wa shule aliimudu, na ule uwekezaji mkubwa wa kioo ukageuka kuwa mzigo kwa mwenye nao. Sitaki kuingia kwenye mazingira, ingawa mitaro yetu ina la kusema kuhusu chupa hizo. Nasema tu kwamba ukuta ule wa vioo haukuvunjwa na tangazo zuri zaidi. Ulizungukwa.

Ipo pia kinga yenye kalenda. Mwaka 2021 Azam Media walitia saini na shirikisho la soka la Tanzania mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Anayetaka kuona Simba na Yanga nyumbani anajua king'amuzi cha kununua. Hiyo ni kinga halali na nene, lakini tarehe ya kwisha kwake imeandikwa. Mwenye mkataba wa namna hiyo, awe na televisheni au awe wakala pekee wa tairi za aina fulani mkoani Mbeya, anapaswa kujiuliza kila mwaka: mkataba ukiisha, nitabaki na nini sebuleni kwa mteja? Nimeona mawakala pekee wengi wa bidhaa za nje wakitumia pesa zao kulijenga jina la mzungu, kisha mzungu akaja mwenyewe.

Kuhusu jina, nitawapeleka Mombasa. Kaderdina Hajee Essak alianza kuuza kanga mwishoni mwa karne ya 19, na kwenye pindo la kanga zake pakachapwa alama ambayo mama zetu waliijua kabla hawajajua kusoma kingine: K.H.E., Mali ya Abdulla. Michoro ya kanga huigwa haraka mno. Alama ile haikuzuia kuigwa kwa mchoro. Ilimpa mwanamke njia ya kujua kitambaa ambacho rangi yake haitachujuka kwenye beseni la kwanza. Jina ni kinga pale tu linapomwondolea mnunuzi hofu ambayo hawezi kuipima dukani. Kwenye chumvi, jina halisaidii sana; chumvi ni chumvi. Kwenye dawa, mbegu, breki za gari na maziwa ya mtoto, jina ni kila kitu. Kabla hujatumia pesa kulijenga jina, jiulize mteja wako anaogopa nini.

Na kinga zote hizi zinaweza kufa kutokea ndani. Ngome ya Mombasa, ile ya Yesu, ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zake zingalipo hata leo. Ila ndani maradhi na njaa vilikwishafanya kazi, na waliobaki hai hawakutosha kusimama juu ya kuta. Kampuni nyingi zenye wateja wasio na pa kwenda hupatwa na maradhi ya namna hiyo: simu ya huduma kwa wateja haipokelewi, makato yanaongezwa kidogo kidogo, malalamiko yanajibiwa kwa ujumbe uliotungwa na mashine. Wanaamini mteja amezoea. Mazoea yana bei yake. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, watu waliokuwa wakituma pesa kila siku walirudi kubeba noti mfukoni, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ile haikuwa kosa la kampuni za simu, lakini ilituonyesha mahali ambapo mazoea hukatika, na ni karibu kuliko wengi walivyodhani.

Labda mtu hapa anasema: mwalimu, sisi hatuna Vodafone nyuma yetu. Haya, tumwangalie Mangi, mwenye duka la mtaani, tukianza na maduka makubwa yaliyomzunguka. Katika miaka kumi iliyopita na kidogo, Shoprite iliondoka Tanzania 2014 na kuyauza maduka yake kwa Nakumatt. Uchumi ilifunga 2015. Nakumatt yenyewe ikafuata. Wote walikuwa na mabango, magazeti ya punguzo, taa na viyoyozi. Sitadai kwamba Mangi wa mtaani aliwaangusha, maana madeni na uendeshaji vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini Mangi yupo. Anauza kiberiti kimoja, mafuta ya kupima, sukari robo. Na chini ya kaunta ana daftari la mali kauli, limechakaa pembeni, lina majina kama Mama Salma, Fundi, Mwalimu wa juu. Anajua nani analipwa tarehe 25 na nani hulipa kwa wiki. Anajua asimkopeshe fundi wakati wa mvua. Taarifa hizo benki ingezilipia pesa nyingi, na Mangi amezipata kwa kusimama mahali pamoja kila siku mpaka saa nne usiku. Mama Salma akitaka kuhamia duka jingine, atapata bei labda pungufu ya shilingi mia, lakini tarehe 20 ya mwezi hatapata unga bila pesa. Hajawahi kuona tangazo la Mangi.

Nimalize na jibu la swali ambalo mama mmoja aliniuliza pale mlangoni kabla hatujaanza, nikamwahidi kulijibu mbele ya wote. Anatengeneza unga wa lishe Morogoro, ametenga shilingi milioni mbili za matangazo, na anataka kujua redio ipi.

Mama, redio isubiri. Unga wa lishe ni bidhaa ya hofu: mnunuzi hawezi kuona ndani ya pakiti kama karanga zilikuwa na ukungu, na anayekula ni mtoto. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye upimaji na alama ya ubora ya TBS. Ukiwa mjasiriamali mdogo, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze. Pesa ya pili iende BRELA kusajili alama yako ya biashara; usajili wa kwanza Tanzania Bara ni wa miaka saba, kisha unahuishwa kwa miaka kumi kumi. Kama unauza na Zanzibar, huko ni usajili mwingine, wa Bara haufiki. Fanya hivyo kabla jina halijajulikana, kwa sababu likijulikana kabla hujalisajili atalisajili mwingine, na utakuwa umemtangazia. Inayobaki igawe kwa shule za awali tano au sita zinazowapa watoto uji asubuhi. Wape bei nzuri, na uwapelekee mzigo siku ileile kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Mwalimu akishazoea kwamba Jumatatu unga umefika, hatasumbuka kujadiliana na mtu mwingine kwa sababu ya shilingi mia mbili. Mzazi naye ataona mtoto anakunywa uji shuleni bila shida, atauliza ni unga gani. Siku hiyo pakiti yenye jina lililosajiliwa iwe imeshafika duka la karibu na shule. Tangazo la redio ulilipie baada ya hapo, na uliambie litaje majina ya maduka.